nRF52840 Dongle: dola 10 za kujua Bluetooth inachelewa wapi

Kwa fundi anayetengeneza vifaa vya Bluetooth LE (ile inayotumia umeme kidogo), au mwandishi wa programu za simu anayelaumiwa kila siku kwamba programu yake inavuta, nRF52840 Dongle ya kampuni ya Nordic Semiconductor ya Norway ndicho chombo cha kwanza cha kununua. Bei yake ni kama dola 10 za Marekani kabla ya usafiri. Unakichomeka kwenye USB, unakiwekea programu ya kunasa pakiti (vifurushi vidogo vya data) ambayo Nordic wenyewe wanaitoa bure, na Wireshark, programu ya kompyuta ya kusomea pakiti, inaanza kukuonyesha pakiti zinazopita hewani kati ya simu na kifaa chako, kila moja na muda wake kwa mikrosekunde. Ubishi wa nani anachelewesha unaishia hapo, kwa sababu kila kitu kiko mbele ya macho.

Kabla ya sifa, tuseme kisichowezekana. Kwa upande wa Bluetooth, chombo hiki kinasikia LE tu. Hedifoni na spika za A2DP, yaani utaratibu wa kawaida wa kupitisha muziki, pamoja na printa nyingi ndogo za risiti, zinatumia Bluetooth ya zamani, ile inayorukaruka kwenye chaneli 79, na redio ya chipu hii haiwezi kuifuata. Mwenye tatizo la sauti kubaki nyuma ya picha asitoe pesa yake hapa. Ucheleweshaji wa aina hiyo unatokana zaidi na kodeki (mbinu ya kubana sauti) na akiba ya sauti inayojazwa ndani ya hedifoni kabla ya kucheza, na kunasa pakiti hakutaupunguza.

Chipu yenyewe inajulikana vizuri: Cortex-M4 ya 64 MHz, flashi ya MB 1, RAM ya KB 256, redio ya 2.4 GHz yenye kasi za 1 Mbps na 2 Mbps, na kasi za masafa marefu za kbps 500 na 125. Bodi haina kasha, na ncha ya bodi ndiyo plagi ya USB, kwa hiyo kwenye matundu yaliyolegea inacheza na muunganisho wa USB unakatika katikati ya kipimo. Nunua pamoja nayo waya wa ekstensheni wa USB 2.0, mita moja inatosha. Waya huo unatibu pia ugonjwa wa pili: matundu ya USB 3.0 yakiwa na diski inayofanya kazi hutoa kelele ndani ya masafa ya 2.4 GHz, jambo ambalo Intel waliliandikia waraka mwaka 2012. Kinasa pakiti kilichobanwa ubavuni mwa laptop, sentimita mbili kutoka kwenye diski ya nje, kitakosa pakiti ambazo simu na kifaa vilizipokea bila shida, nawe utadhani muunganisho ni mbovu.

Kukiandaa ni kazi fupi, lakini kuna mahali patatu ambapo watu wengi hukwama. Mahali pa kwanza ni kitufe. Kile kinachobonyezwa kwa juu, SW1, ni cha matumizi ya programu. Cha kuingia kwenye butiloda, programu ndogo inayopokea programu unayopakia, ni SW2, kidogo, kimelala, nacho kinasukumwa kwa ubavu kuelekea upande wa plagi. Taa LD2 ikianza kuwaka na kufifia kwa rangi nyekundu, umefika. Fungua nRF Connect for Desktop, ingia kwenye Programmer, chagua kifaa, pakia faili la hex ambalo jina lake linaanza na sniffer_nrf52840dongle, kisha Write.

Mahali pa pili ni Wireshark. Nenda Help, About Wireshark, Folders, utafute mstari wa Personal Extcap path. Ndani ya folda hiyo weka nrf_sniffer_ble.py, hati yake ya kuanzishia (ya .bat kwa Windows, ya .sh kwa Linux na Mac) na folda ya SnifferAPI, kisha uendeshe pip3 install -r requirements.txt. Kwenye Linux faili la .sh lazima lipewe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod +x, na jina lako la mtumiaji liwe kwenye kundi la dialout. Ukishaongezwa kwenye kundi, toka na uingie upya, la sivyo ruhusa haitafanya kazi. Kabla hata ya kufungua Wireshark, endesha hati hiyo na --extcap-interfaces. Isipoorodhesha kifaa, kuzima na kuwasha Wireshark hakutasaidia. Tatizo liko kwenye Python au kwenye ruhusa. Siku hizi kuna njia fupi zaidi kwa nrfutil, chombo cha amri cha Nordic: nrfutil install ble-sniffer, halafu nrfutil ble-sniffer bootstrap, nayo inapanga mafaili yenyewe.

Mahali pa tatu ni dogo lakini linasumbua: upau wa kuchagua kifaa cha kufuatilia unaweza kuwa umefichwa. Uwashe kwenye View, Interface Toolbars.

Sasa kunasa kwenyewe. Kinasa kina redio moja na kinafuata muunganisho mmoja kwa wakati. Lazima kiwe kinasikiliza pale simu inapotuma ombi la kuunganika, CONNECT_IND, kwa sababu ombi hilo ndilo linalobeba taarifa za kujua muunganisho utaruka kwenye chaneli zipi na lini. Kwa hiyo anza kunasa kwanza, chagua kifaa chako kwenye upau, ndipo uunganishe simu. Ukianza baada ya simu kuunganika, hutaona kitu. Hata ukifuata utaratibu huu, kuna mara kinasa kitalikosa ombi, kwa kuwa vifaa vinajitangaza kwenye chaneli tatu, 37, 38 na 39, na ombi linaweza kupita kwenye yoyote. Kama programu ya kifaa iko mikononi mwako, dawa ipo: kwa muda wa majaribio kifungie kitangaze kwenye chaneli 37 peke yake, halafu kwenye kisanduku cha Adv Hop uandike 37. Kwenye Zephyr, mfumo huria wa kuandikia programu za vifaa vidogo, chaguo za BT_LE_ADV_OPT_DISABLE_CHAN_38 na _39 zinafanya kazi hiyo. Kuanzia hapo kulikosa ombi kunakuwa nadra. Simu, kifaa na kinasa viweke ndani ya mita moja hivi, kinasa kikae katikati, lakini visigusane, maana mawimbi yenye nguvu kupita kiasi nayo huiharibia redio usikivu.

Ukishapata muunganisho, fungua pakiti ya CONNECT_IND na usome mistari mitatu: Interval, Latency, Timeout. Hapo ndipo penye jibu la malalamiko mengi.

Simu na kifaa cha Bluetooth LE havizungumzi muda wote. Vinapeana miadi: redio zote mbili zinaamka, zinabadilishana pakiti, zinalala. Muda kutoka miadi moja hadi nyingine, yaani kipindi, unaweza kuwa kuanzia milisekunde 7.5 hadi sekunde 4, kwa hatua za milisekunde 1.25, na simu ndiyo yenye kauli ya mwisho. Ukiona Interval ni 36, ni mara 1.25, yaani milisekunde 45. Ongeza safu za nordic_ble.delta_time_ss, nordic_ble.channel, nordic_ble.event_counter na btle.data_header.length, kisha tazama mdundo. Simu inatuma pakiti tupu inayochukua mikrosekunde 80 kwenye 1 Mbps. Baada ya pengo la mikrosekunde 150 kifaa kinajibu, kwa hiyo safu ya delta inaandika 230. Halafu kimya. Mstari unaofuata unasoma kama 44,770, chaneli imebadilika, na mdundo unaanza upya.

Kimya hicho ndicho kinacholalamikiwa. Mtu akibonyeza kitufe cha kifaa mara tu baada ya miadi kupita, taarifa yake itakaa ndani ya kifaa kwa karibu milisekunde 45 kabla ya kupata nafasi ya kutoka. Akibonyeza wakati wowote bila mpango, wastani wa kusubiri ni nusu ya kipindi, milisekunde 22.5. Pakiti ikiharibika njiani na kurudiwa kwenye miadi inayofuata, ongeza 45 nyingine. Linganisha na muda wa pakiti yenyewe kuwa hewani: data ya baiti 20 inachukua mikrosekunde 296 kwenye 1 Mbps. Sehemu kubwa kabisa ya ucheleweshaji ni kungoja zamu.

Ndiyo sababu ushauri unaosikika sana, wa kuhamia 2 Mbps, haumsaidii mwenye shida ya kuchelewa. Pakiti ileile itashuka kutoka mikrosekunde 296 hadi 152. Umeokoa 144 wakati miadi bado iko mbali kwa milisekunde 45. 2 Mbps ina faida zake: data nyingi inapita kwa haraka, na redio inakaa hewani muda mfupi, jambo linaloipunguzia nafasi ya kugongana na Wi-Fi. Itumie kwa sababu hizo. Kasi ya masafa marefu ya kbps 125 inaenda upande wa pili kabisa: pakiti hiyohiyo inakula karibu milisekunde 2.4, kwa hiyo usiiwashe isipokuwa umbali unakulazimisha.

Kinachosaidia ni kuomba miadi ya karibu. Kwenye Android, programu inaita requestConnectionPriority na CONNECTION_PRIORITY_HIGH, na simu inashuka hadi kati ya milisekunde 11.25 na 15. Hali ya kawaida ya Android ni kati ya 30 na 50, na ile ya kutunza betri ni kati ya 100 na 125. Kwenye iPhone, programu ya kawaida haina amri ya namna hiyo. Ni kifaa chenyewe kinachotuma ombi, na Apple wana masharti: kipindi cha chini kisipungue milisekunde 15 na kiwe kizidisho cha 15. Vifaa vya HID, yaani vya kuingizia data kama kibodi, vinaruhusiwa 11.25. Kifaa kikiomba 7.5 hadi 10 kwa iPhone, kwenye Wireshark utaona ombi hilo, linalopita kwenye tabaka la L2CAP, likijibiwa kwamba limekataliwa, na muunganisho unabaki ulipokuwa. Watengenezaji wengi hawajui kwamba ombi lao limekataliwa, kwa sababu programu ya kifaa haikuangalia jibu. Kinasa kinalionyesha bila kuficha.

Kuna jambo linalowapotosha hata wazoefu. Mabadiliko ya kipindi hayaanzi papo hapo. Simu inatuma LL_CONNECTION_UPDATE_IND, ambayo unaichuja kwa btle.control_opcode == 0x00, ikitaja miadi ya baadaye ambapo ratiba mpya itaanza, kwa kawaida angalau miadi sita mbele. Kwenye kipindi cha milisekunde 45 hiyo ni milisekunde 270. Programu inayoomba kipindi kifupi pale mtumiaji anapogusa kitufe itamhudumia mguso wa kwanza kwa kasi ileile ya zamani. Omba mapema, skrini husika inapofunguka, na urudishe kipindi kirefu inapofungwa. Betri nayo ina haki yake: kwa 7.5 redio inaamka kama mara 133 kwa sekunde, kwa 45 ni kama mara 22.

Mstari wa Latency kwenye CONNECT_IND nao unaeleweka vibaya mara nyingi. Namba hiyo ni idadi ya miadi ambayo kifaa kinaruhusiwa kuiruka kama hakina la kusema. Kikiwa na jambo la kutuma, kifaa kinaamka kwenye miadi yoyote, kwa hiyo ruhusa hiyo haicheleweshi taarifa zinazotoka kwenye kifaa kwenda kwenye simu. Inachelewesha upande wa pili. Simu ikitaka kuwasha taa ya kifaa chenye kipindi cha 15 na ruhusa ya kuruka miadi 4, amri inaweza kusubiri hadi milisekunde 75. Kwa kibodi au kihisi, iache, betri itakushukuru. Kwa kitasa cha mlango au taa inayotawaliwa na simu, ishushe hadi sifuri wakati wa matumizi. Usisahau kikomo cha kukata muunganisho, ule mstari wa Timeout: lazima kizidi mara mbili ya kipindi ukikizidisha na ruhusa ile jumlisha moja, na Apple hawakubali zaidi ya sekunde 6.

Ukimaliza ratiba, kagua namna ya kuongea. Chuja kwa btatt.opcode == 0x12. Hayo ni maandiko ambayo simu inasubiri jibu lake, 0x13, kabla ya kutuma lingine. Mara nyingi jibu halitoki ndani ya miadi ileile kwa sababu programu ya kifaa haiwezi kuliandaa ndani ya mikrosekunde 150, hivyo kila andiko linakula miadi mzima wa ziada. Amri 10 zilizopangwa hivyo kwa kipindi cha 45 zinakula karibu nusu sekunde au zaidi. Andiko lisilosubiri jibu, 0x52, linaweza kupita mara kadhaa ndani ya miadi mmoja. Kutoka upande wa kifaa, tumia arifa, 0x1b, badala ya kuifanya simu iulize kila mara. Kama upotevu wa amri moja hauvumiliki, weka namba ya mfululizo ndani ya data yako na uthibitishe mara moja mwishoni mwa kundi.

Muunganisho ukiwa umesimbwa, yaliyomo hayasomeki, lakini muda na urefu bado viko wazi. Ripoti ya kibodi ya baiti 8 inaongezewa 3 za ATT (tabaka la maandiko na arifa), 4 za L2CAP na 4 za uthibitisho wa usimbaji, jumla 19. Weka kichujio btle.data_header.length == 19 na utaona kila bonyezo. Matoleo ya karibuni ya kinasa yanakuruhusu pia kuingiza LTK, ufunguo wa kufungulia usimbaji, ukiwa nao. Kwa anayetaka kusoma yaliyomo bila hewa, Android ina rekodi ya HCI (mazungumzo kati ya mfumo wa simu na chipu yake ya Bluetooth) kwenye chaguo za wasanidi, nayo haijasimbwa. Muda wake ni wa ndani ya simu, kwa hiyo itumie sambamba na kinasa, isiwe mbadala wake.

Udhaifu mkubwa wa kinasa chochote ni kwamba kinaona hewa tu. Muda kati ya kidole kugusa kitufe na pakiti kuwa tayari hakioni, na hapo pana wezi wengi. Wa kwanza ni uchujaji wa mtetemo wa kitufe. Programu nyingi zinangoja kitufe kitulie kwa milisekunde 20 hadi 50 ndipo zikubali kwamba kimebonyezwa, yaani zinapoteza muda mwingi kuliko redio yenyewe. Kubali badiliko la kwanza hapo hapo, halafu puuza mitetemo inayofuata kwa muda huo. Mtumiaji hatabonyezewa mara mbili na hatasubiri.

Ili kuiona sehemu hii, nunua bodi ya pili na lojiki analaiza (kifaa cha kurekodi pini zinapopanda na kushuka) ya chaneli 8 ya 24 MHz, zile za bei ndogo zinazofanya kazi na programu ya PulseView. Bodi moja inakuwa kinasa, nyingine inakuwa kifaa cha majaribio. Unganisha GND kwanza, chaneli moja kwenye pini ya kitufe, nyingine kwenye pini ambayo programu yako inainyanyua kabla tu ya kukabidhi data kwa stack ya Bluetooth (programu inayoendesha redio), ya tatu kwenye pini ya upande unaopokea kama nao ni bodi. Sampuli milioni moja kwa sekunde zinatosha, zinakupa usahihi wa mikrosekunde moja.

Hapa bodi hii ina mtego ambao nyaraka zake zinautaja na wengi wanaupita. Ikipata umeme kutoka USB, pini zake kwa chaguo-msingi zinatoa volti 1.8. Kwa volti hizo taa za kijani na bluu haziwaki vizuri, na analaiza za bei ndogo, zinazotarajia kama volti 2 ili kusoma moja, zinaweza kusoma takataka au kutosoma kabisa. Rejista inayoitwa REGOUT0, iliyo kwenye UICR (sehemu ya mipangilio ya kudumu ya chipu), lazima iwekwe volti 3.0. Msimbo wa bodi kwenye SDK ya Nordic unafanya hivyo. Ukiandika wako kuanzia sifuri, fanya mwenyewe. Pima kwa mita kati ya VDD na GND kabla ya kuanza kulaumu analaiza.

Mtego mwingine wa bodi: haina kifaa cha kutafutia makosa ndani yake. Unapakia kwa butiloda, na butiloda hiyo inataka programu yako ianzie anwani 0x1000. Ukijenga kwenye Zephyr, tumia nrf52840dongle/nrf52840. Ile yenye /bare ni ya wanaopakia kwa SWD (waya za kupakia moja kwa moja kwenye chipu), na ukiipeleka kwa butiloda haitaanza. Kwa anayepanga kusahihisha msimbo kila siku, nRF52840 DK yenye J-Link, kifaa cha kutafutia makosa, ndani yake inafaa zaidi ingawa bei yake ni mara kadhaa ya hii.

Kwenye vipimo vyenyewe, kosa linaloharibu matokeo kuliko yote ni kutumia taimeri yenye mdundo. Ukifyatua jaribio kila milisekunde 1000 na kipindi ni 50, kila jaribio linaangukia mahali palepale kati ya miadi na miadi. Unaweza kupata milisekunde 3 mfululizo ukajisifu, au 48 mfululizo ukakata tamaa, na vyote viwili si kweli. Weka kuchelewa kwa nasibu kati ya jaribio na jaribio, kusanya mamia kadhaa, na uripoti thamani ya katikati (median) pamoja na asilimia ya 95 na ya 99. Wastani unaficha zile chache zilizorudiwa hewani, na ndizo mtumiaji anazozikumbuka.

Upande wa simu hauna pini ya kushika. Kamera ya simu nyingine inayorekodi picha 240 kwa sekunde inatosha: weka LED ya kifaa na skrini ya simu kwenye fremu moja, hesabu fremu kutoka taa kuwaka hadi skrini kubadilika, kila fremu ni kama milisekunde 4.2. Toa ulichopima hewani; kinachobaki ni cha mfumo wa simu na programu. Skrini ya 60 Hz peke yake inaweza kula hadi 16.7. Kama masalio ni milisekunde 80, acha kuhangaika na redio na uangalie kazi nzito unazofanya kwenye uzi mkuu wa programu.

Kuhusu kelele, kinasa kinatoa ushahidi mzuri kuliko kubahatisha. Pakiti yenye data ikirudi kwenye miadi inayofuata na namba ileile ya mfuatano, imerudiwa. Panga marudio kwa chaneli. Yakirundikana mahali pamoja, linganisha na Wi-Fi ya jengo: chaneli 1, 6 na 11 za Wi-Fi zina katikati yake 2412, 2437 na 2462 MHz. Simu nzuri inaziacha chaneli mbovu yenyewe kwa kutuma LL_CHANNEL_MAP_IND, btle.control_opcode == 0x01. Usipoiona hata baada ya marudio mengi, hamisha ruta kwenye 5 GHz au ibadilishie chaneli. Kumbuka tu kwamba kinasa nacho kinaweza kukosa pakiti: pengo kwenye event_counter bila marudio ya data ni upofu wa kinasa, muunganisho hauna kosa.

Ukiwa unatengeneza pande zote mbili, kwa mfano rimoti na kipokezi chake, bodi hizi zinaweza zaidi ya Bluetooth ya kawaida. Nordic wana LLPM, ratiba yao wenyewe inayoshusha kipindi hadi milisekunde 1, na mfano wake ndani ya nRF Connect SDK unachapisha ucheleweshaji kwa mikrosekunde pamoja na idadi ya makosa ya CRC (pakiti zilizoharibika). Simu haiifahamu, ni chipu za Nordic kwa Nordic. Kiwango cha Bluetooth chenyewe kimefuata: toleo la 6.2, lililotoka mwaka 2025, linaruhusu kipindi cha hadi mikrosekunde 375, ila pande zote mbili lazima ziwe na uwezo huo, na simu zilizoko mifukoni mwa watu wengi leo hazina.

Washindani wapo. Sniffle, programu huria inayoendeshwa kwenye chipu za Texas Instruments kama CC2652, inafuata kifaa kwenye chaneli zote tatu za matangazo na hukosa miunganisho michache zaidi. Kwa asiyeweza kugusa programu ya kifaa, ina nafasi yake. Vinasa vya Ellisys vinasikia chaneli zote kwa pamoja, vya zamani na vya LE, kwa bei ya maelfu ya dola. Bodi nyingine zenye chipu hiihii ya nRF52840 zinauzwa mtandaoni, baadhi zikiwa na kasha na antena ya nje, lakini angalia butiloda: isiyo ya Nordic haitaonekana kwenye Programmer, na utahitaji SWD kuibadilisha.

Kwa anayeagiza akiwa Nairobi au Dar es Salaam, gharama ya kusafirisha bodi moja inaweza kuzidi bei ya bodi. Agiza mbili au tatu kwa mkupuo mmoja pamoja na analaiza, na waya wa ekstensheni wa USB 2.0 uununue hapo hapo mtaani.